Tusipeleleze Aibu za Watu

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, majaji watatu kwa wawili, iliamua kwamba chama cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja kisinyimwe kuandikishwa. Lakini sheria inayokataza tendo lenyewe haikuondolewa.

Habari hiyo ilipozungumzwa barazani hapa Malolo, vijana wetu wa chuoni walimwandama mwenzao kwa mawe, kwa jinsi atembeavyo tu. Tuliwazuia, tena tukaona haya. Kwani siku nyingi tuliwasikia wakimcheka, tukanyamaza.

Tendo hilo dini yetu yaliharamisha. Lakini Suratul-Hujurat yakataza dhana, upelelezi na kubandikana majina mabaya. Hukumu yataka hakimu na ushahidi, si mawe.

Kijana yule amerudi chuoni. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kimya chetu.