Hakuna Kinachopotea, Lakini Israfu Ipo



Watoto wetu asubuhi huenda skuli na jioni huja chuoni, na katikati ya njia hiyo hukutana na maswali ambayo sisi wazee hatukuyajua. Mmoja wao alinijia na uzito moyoni. Amefundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hugeuka tu kutoka hali moja hata nyingine. Akaniuliza: "Maalim, nikiandika hivyo kwenye mtihani, sitakuwa nimekufuru?"

Swali hili si dogo. Mtoto asipojibiwa kwa ilimu, ama ataikimbia skuli ama atakikimbia chuo, na yote mawili ni hasara.

Jibu ni hili. Wataalamu wa fizikia hapo hawamzungumzii Muumba, wanazungumzia viumbe. Mwingereza James Joule, katika miaka ya 1840, alifunga vizito kwa kamba, na vilipokuwa vikishuka vikazungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji. Maji yakapata joto kidogo. Akapima, akaona kwamba nguvu ya vile vizito imegeuka kuwa joto, na kila mara kwa kiasi kile kile. Ndiyo sababu kipimo cha nishati kikaitwa jouli. Basi maana ya kanuni hiyo ni kwamba mwanaadamu, pamoja na mitambo yake yote, hawezi kuumba hata jouli moja, anakopa tu. Je, hayo yanavunja tauhidi, au yanaipa nguvu?

Tazama makaa yako. Yalikuwa mti, na mti ulichukua mwanga wa jua ukauweka akiba ndani yake. Suratu Yasin inatukumbusha neema ya moto utokao katika mti mbichi, nasi twaisoma mara ngapi bila ya kuzingatia! Upepo unaojaza tanga la jahazi nao chanzo chake ni jua. Mafuta ya taa ni akiba ya viumbe wa baharini wa zama za kale. Lakini kaskazi hurudi kila mwaka, mti huchukua miaka kukua, na mafuta yakiisha yameisha.

Utasema: ikiwa nishati haipotei, israfu iko wapi? Mwaga kibaba cha sukari baharini. Sukari haikuangamia, ipo. Lakini utaipata wapi ya kutia katika chai? Joto lililotawanyika hewani hali yake ni hiyo hiyo.

Sasa tufanye hisabu. Kuchemsha lita moja ya maji ya mtungini kunataka kiasi cha jouli 300,000. Kilo moja ya makaa ina kiasi cha jouli 30,000,000, kwa hivyo ingetosha kuchemsha lita 100. Nani kati yetu ameyaona hayo? Jiko la bati tupu hufikisha sufuriani kama robo tu. Iliyobaki hupasha ukuta na uso wa mpishi. Na kabla ya hapo, kupata kilo moja ya makaa mara nyingi huteketea kilo 7 za kuni au zaidi, hata nishati nyingi ya mti huwa imekwisha kwenda na moshi gunia halijafika mlangoni.

Basi funika sufuria. Roweka maharagwe tangu usiku. Chakula kikiiva, zima makaa uyaweke kwa kesho. Nawe baba unayelalamikia bei ya gunia na hali hujanunua jiko lenye udongo ndani, usimlaumu mkeo. Lawama ni yako.

Dini yetu imetukataza israfu ya maji hata anayetawadha kando ya mto. Itakuwaje kwa mti uliokua miaka, ukakatwa siku moja? Neema zote tutaulizwa, na moto wa jikoni ni mojawapo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kushukuru kwa vitendo. Amin.