Skrubu mbili zilizotaka kutuuzia ng'ombe

Mpenzi msomaji, bila shaka nawe umewahi kuishi katika nyumba ambamo jambo dogo lilifichwa mpaka likazaa kubwa. Leo nataka nikusimulie yaliyotupata nyumbani kwetu Nyansiongo, ambako skrubu mbili ndogo zilikaribia kumtoa zizini ng'ombe wa mama.

Kwa wale wasiopajua, Nyansiongo iko Borabu, katika Kaunti ya Nyamira, kwenye barabara itokayo Keroka kuelekea Chebilat na Sotik. Ni nchi ya baridi, majani chai na ng'ombe wa gredi. Mengi ya mashamba ya huko yalikuwa ya walowezi wa Kizungu, kabla ya kukatwa na kugawiwa Waafrika katika miaka ya 1960.

Baba ni mwalimu mstaafu. Mguu wake wa kushoto haukunjiki vizuri tangu alipouvunja, kwa hivyo gari la klachi hawezi kuliendesha. Ndiyo sababu alinunua Nissan Sunny kuukuu, iliyotengenezwa katika miaka ya 1990, ambayo gia zake hujibadilisha zenyewe. Kwa gari hilo humpeleka mama kliniki ya ugonjwa wa sukari mjini Kisii. Bila hilo, mama hana budi kuamka alfajiri akagombanie matatu.

Basi siku moja gari likaanza vituko. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, injini inanguruma weee, gia haibadiliki. Ikija kubadilika, inaruka kwa kishindo kama punda aliyechomwa mwiba. Mama alisema heri matatu kuliko kutikiswa hivyo hadi Kisii.

Baba alilipeleka kwa fundi mmoja katika mji wa jirani. Fundi huyo aliliendesha mwendo wa hatua hamsini hivi, akazima, akafuta mikono na kutoa hukumu: "Mzee, giaboksi imekufa. Tafuta elfu 55, nikuletee nyingine ya mtumba."

Msomaji, elfu 55 hazikuwepo. Kilichokuwepo ni ng'ombe wa mama, ambaye maziwa yake ndiyo yanayomlipia karo kitinda mimba wetu katika chuo cha ufundi. Mama hakubisha. Alinipigia simu Nairobi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mnunuzi angekuja Jumatatu.

Nilifika nyumbani Ijumaa jioni. Kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu gari, isipokuwa mdogo wangu. Yeye alikula haraka, akaenda kulala.

Jumamosi asubuhi nilimwomba baba funguo. Nilimchukua mdogo wangu, tukaenda sokoni kwa fundi wa umeme wa magari, mzee mpole mwenye kibanda cha mabati. Baada ya salamu hakuuliza gari lina nini. Aliuliza hivi: "Tabia hii ilianza lini? Na kabla haijaanza, nani aliigusa injini?"

Nikamtazama mdogo wangu. Naye akatazama chini.

Fundi hakumsukuma. Aliiacha injini ipate moto, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akayanusa. Yalikuwa mekundu, ya kiasi, wala hayakunuka kuungua. "Giaboksi inayokufa aghalabu hunuka," akasema. "Hii huenda imedanganywa."

Kisha akatueleza. Kwenye koo ambalo injini hupitishia hewa mna kilango kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Ubavuni pake pamefungwa kifaa kidogo cheusi, ambacho mafundi hukiita sensa ya throto. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari kilango kimefunguka kiasi gani. Kompyuta huchukua habari hiyo, ikailinganisha na mwendo wa gari, ndipo ikaamua gia ibadilike lini na kwa nguvu gani. Sensa ikisema dereva amekanyaga sana ilhali hajakanyaga, kompyuta huchelewesha gia na kuongeza shinikizo la mafuta ndani ya giaboksi. Ndipo unaposikia kishindo.

Alizima injini, akarudisha ufunguo hadi taa za dashibodi zikawaka, bila kuwasha injini tena. Akagusisha mita yake kwenye waya wa sensa. Katika gari kama hilo, mguu ukiwa umeondolewa, mita husoma takriban nusu volti. Yetu ilisoma karibu volti moja. Akatuonyesha skrubu mbili zinazoishikilia sensa: vichwa vyake vilikuwa na mikwaruzo mipya.

Hapo ndipo mdogo wangu alipofungua kinywa. Wiki tatu kabla, alipokuwa likizo, alitaka kumfurahisha baba kwa kusafisha lile koo la hewa kama alivyoona chuoni. Aliifungua sensa, na alipoirudisha aliikadiria kwa macho. Gari lilipoanza kuruka, aliogopa kusema.

Fundi hakumcheka. Alimpa bisibisi. "Legeza, lakini usitoe. Zungusha polepole huku ukitazama mita." Kijana akazungusha kwa mkono uliotetemeka hadi nusu volti ikafika. Wakafungua kilango taratibu. Namba zikapanda bila kurukaruka hadi zikapita volti nne. Wakakaza skrubu, wakapima tena, kwa kuwa kukaza nako huweza kuisogeza sensa.

Tulipanda kilima cha kurudi nyumbani gia zikibadilika kimya kimya. Fundi alitutoza shilingi 1,500 tu.

Tahadhari, msomaji. Si kila gari linalopiga kishindo lina ugonjwa huu, na magari mengi ya siku hizi yana sensa isiyorekebishwa kwa skrubu. Lakini ukiambiwa giaboksi imekufa, mwulize fundi wako amepima nini. Hukumu bila kipimo ni ramli.

Hata hivyo, kisa changu hakiishii kwenye gari. Jioni ile mdogo wangu alimweleza baba yote. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Skrubu hazikuniudhi. Zimeniudhi hizi wiki tatu." Mama, ambaye huwa haongei sana, akamjibu: "Baba watoto, mwaka jana alipopoteza spana yako, ulimkemea mbele ya wageni. Ulitaka akwambieje?"

Baba hakujibu. Lakini Jumapili, baada ya kanisa, nilimwona amemwita kijana pale garini, boneti iko wazi, akimwomba amwonyeshe hiyo sensa iko wapi. Mnunuzi alipofika Jumatatu alipewa chai ya maziwa, akaenda zake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini nasi wazazi na wakubwa tujiulize: je, nyumba zetu zina nafasi ya mtoto kusema "nimekosea" bila kutetemeka? Kama haina, basi siku moja tutauza ng'ombe kwa sababu ya skrubu mbili.