Mistari Mitatu ya Kahawa

Ya njiani siyaandiki. Anayepanda kwenda Moshi wiki ya Krismasi anajua nauli zinavyopanda, foleni, chakula cha kukimbizana Korogwe. Tulifika nyumbani Uru usiku, tukalala.

Asubuhi nilitoka kuzunguka kihamba, shamba letu la nyumbani. Vuli ilikuwa imekatika na jua la Desemba limeanza kuuma, ila huko ndani halifiki lote. Juu kabisa kuna miruka na miringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, nyuma ya zizi ulikuwa na maji ya kifundo cha mguu tu, na zamu yetu ilikuwa bado. Hondohondo walikuwa wakizozana juu ya mruka. Ng'ombe, ambaye hapa haoni malisho maisha yake yote, alikuwa akitafuna kigogo cha mgomba kilichokatwakatwa. Mpaka hapo nilikuwa na furaha tele.

Halafu nikaona mistari mitatu ya kahawa kati ya nyumba na barabara, kila shina limefungwa kitambaa chekundu.

"Hizo zinang'oka," baba mdogo akaniambia, kikombe cha chai mkononi. "Magari yanakosa pa kulala. Mwaka jana la mjomba wako lilikwaruzwa pale barabarani."

Kwa ajili ya maegesho! Tena ya wiki mbili, maana ikifika Januari kila gari linarudi Dar na Arusha, na kijiji kinabaki na wenyewe. Baba mdogo mwenyewe anaishi Arusha. Kihamba alikirithi kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Nilijiuma ulimi. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, papa hapa Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na sisi tunataka kuugeuza kituo cha magari. Nikaenda kutafuta wa kunisaidia kupigana.

Mama mdogo nilimkuta ndani ya mistari ileile, ndoo kiunoni, akichuma mbivu za mwisho.

"Mama mdogo, kweli mnang'oa kahawa ya babu?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo, tunang'oa. Na mimi ndiye niliyefunga vitambaa."

Akakamata jani, akaligeuza, akanivuta kidole akakipitisha chini yake. Kidole kikatoka na unga wa rangi ya binzari. "Kutu ya majani hiyo." Akashika tawi lingine lenye punje nyeusi, zimenyauka na kung'ang'ania palepale tangu msimu uliopita, huku pembeni yake vichwa vya kijani vya msimu ujao vimeshaanza kutunga. "Na hii chulebuni. Usipopiga dawa, unavuna hizi. Sasa niambie, bomba la dawa analibeba mgongoni nani?"

Nikamwambia pale Lyamungo watafiti wa kahawa wa TaCRI wana miche ya chotara inayostahimili magonjwa yote mawili.

"Lyamungo nimefika, mwanangu. Miche mizuri. Nayo haijipalilii."

Nikatoa hoja niliyoiona kubwa kuliko zote: kahawa hii ndiyo iliyomsomesha baba.

"Ilimsomesha baba yako," akasema, mikono haijasimama. "Shangazi zako je? Shangazi yako mkubwa kachuma hapa tangu anajua kutembea, akaishia darasa la nne."

Sikuwa na jibu. Yeye akaendelea, sauti ileile ya kuchuma. Tangu aolewe ameipalilia, ameichuma, ameimenya usiku kwa taa ya chemli, ameigeuza juani. Kilo tano hivi za mbivu ndizo zinazokupa kilo moja iliyooshwa ikakauka. "Sijawahi kuiuza hata siku moja. Kitabu cha chama cha ushirika kina jina la baba yako mdogo. Mkungu wa ndizi naubeba mwenyewe sokoni, hela naifunga kwenye kanga yangu. Na maziwa vivyo hivyo."

Sisi tumelelewa kwa hadithi ya kahawa. Wamisionari wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika, KNCU. Babu aliisimulia kama mtu anayesimulia vita alivyoshinda, na alikuwa na haki ya kujivuna, maana shule na mabati ya mlimani yametoka humo. Lakini katika masimulizi yake yote sikumbuki debe lilikuwa kichwani mwa nani.

Nikachukua ndoo, nikachuma naye. Hasira kwa baba mdogo ilibaki palepale. Ile ya kuitetea kahawa ndiyo iliyoanza kunipungukia. Ingawa, kama ningeulizwa, mstari mmoja ningeukata visiki uchipue upya.

Krismasi yenyewe ilipita na nyama, mbege na misa ndefu.

Kesho yake wakubwa walikaa barazani, na baba mdogo akaanza kupima kwa hatua: gari moja hapa, jingine pale. Mama mdogo alikuja na sinia la ndizi, akalitua, akabaki amesimama.

"Kahawa itoke," akasema. "Lakini mashimo nimeshayapangia. Migomba ya mshare mistari miwili, parachichi mmoja. Samadi ipo, yachimbwe sasa, masika iyakute tayari."

"Na magari?" baba mdogo akauliza.

"Uwanja wa kanisa ni mkubwa. Na ninyi ni wazima, mnaweza kutembea."

Mjomba mwenye gari lililokwaruzwa ndiye aliyecheka wa kwanza. Mimi nikapewa jembe.