Namba Iliyoitwa Tasa

Neno tasa ni zito katika lugha yetu. Darasani, namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 7 na 13. Nje ya darasa, neno hilo humwangukia mwanamke. Katika miaka yangu ya kufundisha hapa Songea, hata nilipokuwa mkuu wa shule, nilipenda kuandika ubaoni namba hii: 2,147,483,647.

Chukua 2 kwa kipeo cha 31, utoe 1, utaipata. Mwaka 1772 Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St. Petersburg nchini Urusi, alithibitisha kwamba ni tasa. Wakati huo macho yake yalikuwa karibu yamezimika kabisa. Tazama basi, ndugu msomaji, alivyofanya. Namba ikigawanyika, kigawo chake kimojawapo hakizidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa hakifiki 46,341. Tena Euler alionyesha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, sharti kibakishe 1 au 63. Kwa hiyo 3, 5, 7 na nyingine nyingi ziliondoka bila kujaribiwa. Ya kwanza kustahili jaribio ni 311. Ukigawanya, hubaki 35. Zilizofuata nazo zikabakisha, hadi ya mwisho. Ndipo akaiita tasa.

Shangazi yangu aliitwa tasa bila hesabu yoyote. Baada ya miaka minne ya ndoa alirudishwa kwao na sanduku lake la bati. Hakuna aliyempeleka hospitali, na mume hakuulizwa neno. Mume huyo alioa tena mara mbili, na nyumba yake haikusikia kilio cha mtoto. Lakini jina lilibaki kwa shangazi. Yeye alilima mahindi, akatulea watoto sita wa kaka zake, na mimi akanisomesha hadi nikaingia chuo cha ualimu.

Namba yetu nayo haikukaa bure. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na kikomo chao ni namba hiyo hiyo. Kwa saa zetu watakifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, na sekunde 7. Mafundi wanahangaika kuzirekebisha kabla ya asubuhi hiyo.

Wengi niliowafundisha wamekuwa walimu. Niliwaomba jambo moja: kabla ya kumwita mtoto mzito wa akili, mwalimu ahesabu amemjaribu mara ngapi, na kwa njia zipi.

Shangazi tulimzika mwaka 1989. Pale kaburini, sote sita tulimwita mama.