Masikio Niliyoyaacha Uwanjani

Mimi ni mzaliwa wa Kalemela, hapa Simiyu. Nililitumikia Jeshi la Wananchi upande wa anga, uwanja wa ndege za kivita wa Mwanza. Sikuwa rubani. Nilikuwa miongoni mwa wale wa chini, wanaopokea ndege, kuijaza mafuta na kuiruhusu iondoke. Natoa ushuhuda wa masikio yangu kwa sababu wenzangu wengi wamezeeka wakipoteza usikivu kimya kimya, wengine wakidhani wamerogwa.

MiG-21 ikiwashwa, unaisikia kifuani, kwenye meno, hadi kwenye nyayo. Sauti ya mtu haina kazi pale, kwa hiyo tulizungumza kwa mikono. Ngumi mbili, vidole gumba vikitazama nje: ondoa vizuizi vya magurudumu. Mkono ukipita shingoni: zima injini. Kabla ya ndege kuruka tulijipanga mstari tukiokota kokoto na vipande vya waya, maana injini ya jeti hufyonza kila kitu na kijiwe kimoja chaweza kuiharibu. Ndege ikitua ilifungua mwavuli mkiani kupunguza mwendo. Tuliukimbilia ukiwa bado unanuka mafuta, tukaukunja upya taratibu, kunjo kwa kunjo, kwani usipofunguka safari ijayo rubani yuko hatarini. Niliipenda kazi ile, na bado naipenda.

Mwaka 1979 vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Siku zile injini hazikunyamaza, na vijana tuliona kelele ni sehemu ya uaskari.

Kulikuwa na mzee mmoja kazini aliyekuwapo Dar es Salaam Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi. Tarehe 25 helikopta za manowari ya Kiingereza HMS Centaur zilishusha makomando kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo. Meli ile ilibeba pia jeti za Sea Vixen. Masimulizi yake yalinifanya niwafuatilie watu wa sitaha ya meli kama ile, wanaofanya kazi kama yetu kwenye uwanja mfupi unaoyumba baharini, ndege ikirushwa kwa mtambo na kunaswa kwa waya inaporudi. Kwenye manowari za Marekani zinazobeba ndege, wanaojaza mafuta huvaa fulana za zambarau, waelekezaji njano, wa silaha nyekundu. Wote wana kofia zenye vikombe vya kuziba masikio. Nilipoona picha zao, niliviangalia vile vikombe kwa muda mrefu.

Karibu na jeti kelele hufikia desibeli 140 hivi. Kipimo kinachokubalika kwa zamu ya saa 8 ni 85. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Kwangu zilianza kupotea sauti nyembamba: wajukuu wakiniita guku, yaani babu, herufi za S na F katikati ya maneno. Nilijua mtu anaongea, nisijue anasema nini. Misibani nikawa nakaa pembeni, watu wakasema nina kiburi cha jeshi.

Mke wangu ndiye aliyeyakataa maneno hayo. Alinisogelea, akasema usoni kwangu, “Baba, wewe huna kiburi. Husikii. Twende ukapimwe.” Tulienda Mwanza, nikapimwa, nikapata kifaa cha kusaidia kusikia. Hakirudishi yote. Lakini jioni ile nilimsikia mjukuu akisoma kitabu chake cha shule kwa sauti, nikamwomba arudie ukurasa mzima, si kwa kuwa sikuelewa.

Tangu hapo nimekuwa nikizungukia vinu vya pamba na mashine za kusaga. Vijana wanashinda humo kwenye kelele siku nzima, wengine wameziba masikio kwa pamba yetu wenyewe. Pamba haizuii kelele vya kutosha. Nawaonyesha vikinga masikio vya sponji, jinsi ya kubinya kimoja, kuvuta sikio juu, kukiingiza na kukishikilia mpaka kijae. Wenye vinu nawaomba wawanunulie watu wao wote vikinga hivyo. Baadhi wamekubali. Msimu ukifunguliwa nitawarudia waliobaki.