Filamu Niliyoihukumu Kabla ya Kuiona

Naomba nianze kwa kukiri kosa, kwa sababu baadhi yenu mlikuwepo siku nilipolitenda na mlinipigia makofi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 chama chetu kiliandaa mjadala kuhusu shujaa katika fasihi ya Kiafrika. Waandaaji waliona vyema tuizungumzie pia filamu ya Black Panther: Wakanda Forever, iliyotoka Novemba 2022 na kuwagawa watazamaji. Kiini cha mgawanyiko huo kinajulikana. Chadwick Boseman, aliyeigiza Mfalme T'Challa katika filamu ya kwanza ya mwaka 2018, alifariki Agosti 2020 kwa saratani. Mwelekezi Ryan Coogler na wenzake wakaamua kuwa hakuna mwigizaji mwingine atakayevishwa vazi lile. Mfalme angekufa katika hadithi kama alivyokufa mwigizaji wake duniani. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa heshima. Wengine walilalamika kwamba T'Challa ni mhusika tu, na kumzika ni kuwanyang'anya watoto weusi mfalme waliyempata juzi.

Mimi nilijiunga na walalamishi. Siku hiyo nilikuwa mzungumzaji na mwendesha kikao kwa wakati mmoja, jambo ambalo lenyewe halikufaa. Nilimtaja Fumo Liyongo, nikasema shujaa hafi akasahaulika, nikahitimisha kwamba filamu hii imemzika shujaa bila kutuachia mrithi. Makofi yakarindima. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyeketi nyuma kabisa, aliinua mkono. Nikamwambia muda umekwisha. Muda haukuwa umekwisha.

Filamu yenyewe sikuwa nimeitazama. Hoja zangu zote nilikuwa nimeziokota katika mabishano ya wenzangu na katika tahakiki mbili nilizozipitia harakaharaka. Tena huo haukuwa mwanzo. Ningeweza kukusimulia mgogoro wa mashairi huru, nani alisimama wapi na kwa hoja gani, kabla sijaifungua Kichomi ya Kezilahabi ya mwaka 1974. Nagona na Mzingile nilikuwa nimezitangaza kuwa ngumu nikiwa sijavuka kurasa kumi za yoyote kati yazo. Nadhani ugonjwa huu tunao wengi, ila mimi nauzungumzia wangu.

Aprili mwaka huohuo nilikwenda nyumbani. Kwetu ni upande wa Mogogosiek, kaunti ya Bomet, ambako majani chai huanzia karibu na mlango na kuishia pale macho yanapochoka. Ndugu yangu mdogo huchuma majani asubuhi, na Jumamosi jioni, akishayafikisha kituoni na kupimiwa, huingia katika banda la video sokoni. Aliponiambia kwamba jioni ile wangeonyesha Wakanda, niliona haya kukataa.

Banda lenyewe ni la mabati, lina mabenchi ya mbao na runinga moja iliyofungiwa katika kizimba cha chuma. Filamu huonyeshwa ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, katika ule mtindo ambao DJ Afro ameupa umaarufu mkubwa nchini Kenya. Mtafsiri hutafsiri kidogo na kubuni sana; huwapachika wahusika majina ya mitaani, hutania, huonya, hujibizana na adui. Sisi wa idara ya fasihi tungepaswa kumsikiliza zaidi, kwani fanani wa aina hii ana hadhira kubwa kuliko mashairi yetu yote. Aliposema "shanga za kimoyo", jina lililomo katika filamu, banda zima lilicheka kwa furaha ya kusikia neno linalofanana mno na la kwetu katika vinywa vya Wamarekani.

Filamu inaanza na kifo. Baada ya mazishi, watu wakiwa wamevaa nyeupe, hutokea nembo ya studio ikiwa imejaa picha za Boseman, wala hakuna muziki, ni upepo tu. Mtafsiri wetu, ambaye tangu mwanzo hakuwa amefunga kinywa, alinyamaza. Mabenchi nayo yakanyamaza. Katika yote niliyoyasema chuoni hapakuwa na hata neno moja kuhusu ukimya huo. Ningelitoa wapi?

Kisha akaja Namor, mfalme wa Talokan, ambaye wenzangu chuoni walimwita adui asiyeeleweka. Anasimulia jinsi watu wa mama yake, katika karne ya 16, walivyoikimbia ndui na Wahispania wakaenda kuishi chini ya bahari. Na jinsi yeye, alipopanda nchi kavu kumzika mamake katika ardhi ya asili, alivyowakuta watu wake wakitumikishwa shambani kwa mijeledi. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, ambaye nadhani aliingia kujikinga na mvua tu, alisema kwa sauti, "Hawa ni kama wale wa Gwassi." Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Talai katika nchi ya Wakipsigis, na familia zao zikahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Namor alieleweka vizuri sana pale Mogogosiek.

Sisemi kwamba filamu haina kasoro. Ina urefu wa dakika 161, na kuna sehemu ambapo urefu huo huusikia mgongoni, hasa kwenye benchi lisilo na egemeo. Kisa cha Riri Williams, mwanafunzi mvumbuzi wa Kimarekani, kinaonekana kama kimeazimwa kutoka filamu nyingine. Isitoshe, mataifa makubwa yanayoitamani vibranium, na ambayo mamluki wake wanakamatwa wakijaribu kuiiba Mali, yanakaa pembeni huku mataifa mawili yaliyodhulumiwa yakiuana. Vita hivyo sikuvielewa vinavyoanza wala vinavyokwisha. Lakini Angela Bassett akiwa Ramonda, malkia aliyempoteza mume kisha mwana, alinifanya nione haya kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimemtumia Liyongo kama ushahidi, nikamsahau mama yake. Liyongo alipokufa karibu na kisima, amepiga goti na upinde mkononi, watu wa mji waliogopa kuteka maji wakidhani angali hai, na mamake ndiye aliyeitwa aje amsihi mwanawe. Kwa muda wote huo shujaa ni maiti, na hadithi inabebwa na mwanamke mwenye msiba. Kijumwa aliuandika utendi huo mwaka 1913. Nami nilikuwa nimeufundishwa, nikaufanyia mtihani na kupasi.

Majina ya wasanii yalipoanza kupita, mwenye banda alizima runinga. Njiani ndugu yangu akaniambia, "Dada, kuna kipande wamekikata." Kumbe hata baada ya kutazama nilikuwa sijamaliza.

Tulikitazama usiku katika kipakatalishi chake, mama ameketi nasi, mjukuu wake amelala mapajani. Shuri ameketi ufukweni Haiti akiyachoma mavazi ya maombolezo ambayo alikuwa amekataa kuyachoma. Nakia, yaani Lupita Nyong'o wetu, anamletea mtoto wa kiume. Mtoto anaitwa Toussaint. Kisha anasema jina lake jingine. Ni T'Challa, mwana wa Mfalme T'Challa.

Tahakiki mojawapo niliyokuwa nimeiokota iliita kipande hiki ujanja wa kibiashara. Yamkini ni kweli pia. Ila mama hakuwa ameisoma. Alimwambia ndugu yangu, "Rudisha hapo mtoto anapotaja jina." Kikarudishwa. Akatazama, akamshika kichwa yule aliyelala, asiseme neno.

Kwetu mtoto anapozaliwa, wanawake wazee hutaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina litakalomfanya apige chafya ndilo lake, ndilo kurenet. Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Mtoto wa ndugu yangu alipiga chafya kwa jina la baba. Toka siku hiyo mama humtania na kumwita mume wangu, humgombeza kwa kuchelewa kurudi, humwekea kipande kikubwa cha nyama. Hakuna aliyepewa kiti cha baba, wala hakuna anayesema kwamba kiti ni kitupu. Mimi ninayejua hayo tangu utotoni ndiye niliyesimama mbele ya watu nikadai kwamba filamu imekosa mrithi.

Tulipofungua chuo nilimtafuta yule msichana wa mwaka wa kwanza. Nilimkuta maktabani, nikamwomba radhi kwa kumnyima nafasi, nikamweleza kuhusu lile jina, nikidhani ndilo alilotaka kulisema. Naye ni wa huku kwetu, upande wa Kipkelion.

"La, dada," akasema. "Mimi niliitazama, na sikuipenda."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema Shuri hakupaswa kuyachoma mavazi yale ugenini, peke yake, mbali na kaburi la mamake na watu wake. Matanga hayamalizwi ufukweni kwa watu. Nikamjibu kwamba hapo hapakuwa ugenini, mtoto alikuwa pale. Akasema mtoto alikuja baadaye, moto ukiwa umekwisha kuwashwa. Hilo sikuwa nimeliangalia. Tuliendelea hivyo, kwa minong'ono, hadi mlinzi alipokuja kutufungia taa.