Fundi Alihama na Nywila, Mimi Nikabaki na Ruta

Mimi ni mkazi wa Igamba, wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Chumba cha mbele cha nyumba yangu nimekifanya stationari: natoa kopi, nachapa barua, na zaidi ya yote nawajazia watu fomu za mtandaoni. Nashuhudia yaliyonipata msimu mmoja wa Julai, nikijua wapo wenzangu wanaopitia hali hiyo hiyo na wamekwishakata tamaa.

Huku kwetu Julai ni mwezi mzito. Baridi imekaza, kahawa inavunwa na kupelekwa AMCOS, chama chetu cha ushirika, na matokeo ya kidato cha sita yanatoka. Wazazi wanafika na watoto wao: huyu anaomba chuo, yule anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, na mwingine cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Yote hayo ni mtandaoni, na yote yana siku ya mwisho.

Intaneti yangu ilitoka kwenye modemu ya USB yenye laini ya simu, niliyoitundika dirishani kwa waya mrefu, maana ndipo 4G inaposhika. Modemu hiyo ilichomekwa kwenye ruta ya mtumba niliyonunua Tunduma. Programu ya kiwandani ya ruta ilikuwa ya enzi za 3G, haikuitambua modemu. Fundi mmoja kijana akaiondoa, akaweka programu nyingine ya ruta iitwayo OpenWrt, akaongeza programu ndogo ndogo za kuendeshea modemu, mambo yakanyooka. Nilimlipa, nikamshukuru, akaenda zake.

Baadaye mtandao wa laini ile ukadhoofika eneo letu, nikanunua laini ya kampuni nyingine. Laini mpya ilitaka APN yake, yaani jina la njia ya kampuni ya kuingilia intaneti, iandikwe ndani ya ruta. Nilipofungua ukurasa wa ruta, ukadai nywila. Hakuna pale nyumbani aliyeijua. Fundi alikwishahama, wengine wakasema amevukia Zambia, na namba yake ilikuwa haipatikani. Ikawa kama mpangaji aliyehama na funguo, nami mwenye nyumba nimesimama nje.

Nilijaribu kugawa intaneti kwa simu. Ndani ya chumba haikushika, ikabidi watoto wajaze fomu nje chini ya ukingo wa paa, wakipuliza vidole kwa baridi, huku bando likiyeyuka. Picha za vyeti zilikwama katikati ya kupakiwa. Wenye nauli wakaenda Mlowo au Vwawa. Wasiokuwa nayo walikaa kwenye benchi langu pale nje wakinitazama, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko hela niliyokosa.

Ushauri haukukosekana. Karibu kila aliyepita alisema: chukua pini, bonyeza kile kitufe cha nyuma ushikilie, itajifuta yenyewe. Nilikuwa na pini mkononi mpwa wangu anayesoma Mbeya aliponipigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kuifuta hii ruta nianze upya."

"Shangazi, ngoja kwanza. Ukiifuta utapoteza kila kitu, na modemu haitafanya kazi tena."

Akanieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa. OpenWrt imekaa kwa matabaka mawili. La chini ni programu yenyewe, haliandikwi juu yake. La juu linahifadhi kila kilichoongezwa baadaye: nywila, mipangilio, na zile programu za modemu. Ukishikilia kitufe kwa muda mrefu ruta ikiwa imewaka, tabaka la juu linafutwa lote. Nywila inaondoka, na programu za modemu zinaondoka nayo. Kuzirudisha kunahitaji intaneti, na intaneti yenyewe inatoka kwenye modemu hiyo hiyo.

Njia aliyonipa ni hali ya dharura, ambayo watengenezaji wa OpenWrt wameiweka makusudi. Ruta inawaka kwa kutumia tabaka la chini peke yake, bila kusoma mipangilio, kwa hiyo haidai nywila. Wi-Fi haiwashwi, wala ruta haigawi anwani kwa kompyuta. Lazima uwe na waya wa mtandao, na uiandikie kompyuta anwani mwenyewe.

Waya niliupata Mlowo. Kwenye kompyuta nikaandika anwani 192.168.1.2 na maski 255.255.255.0. Nikazima ruta, nikaiwasha, nikakodolea macho taa. Inapoanza kupepesa, unabonyeza kitufe na kukiachia. Ukiwahi, taa inapepesa haraka zaidi. Ukichelewa, ruta inaendelea kuwaka kama kawaida, nawe unaanza tena. Nilichelewa, nikarudia, umeme ukakatika, nikangoja urudi. Hatimaye taa ikapepesa ile kasi aliyoniambia mpwa wangu.

Windows 10 inayo ndani yake ssh, programu ya kuingilia kifaa kingine kwa kuandika amri. Nikaandika `ssh root@192.168.1.1`, nikaingia bila kuulizwa nywila. Nikaandika `mount_root` ili tabaka la juu lifunguke, kisha `passwd`. Ikaniomba nywila mpya, ikaomba niirudie. Nikamaliza kwa `reboot -f`. Ruta ilipowaka tena, mipangilio yote ilikuwepo. Nikairudisha kompyuta kupokea anwani yenyewe, nikafungua ukurasa wa ruta kwa nywila yangu, nikaandika APN mpya, modemu ikashika. Namshukuru Mungu, na mpwa wangu namshukuru pia. Jioni ile benchi lilirudi ndani.

Nimejifunza baadaye kwamba OpenWrt ilianza mwaka 2004, ikitokana na ruta ya Linksys WRT54G. Kwa kuwa programu ya ruta ile ilijengwa juu ya Linux, kampuni ililazimika kutoa msimbo wake hadharani mwaka 2003, na watu wakautumia kutengeneza programu yao. Kwa hali ile ya dharura, mwenye kifaa hafungiwi nje ya kifaa chake. Ila mlango ulionipitisha mimi unampitisha yeyote mwenye waya na kitufe mkononi. Kwa hiyo ruta yangu sasa inakaa ndani ya kabati lenye kufuli.

Wewe mwenye stationari, shule au zahanati unayewekewa ruta na fundi: kabla hajafunga mkoba wake, mwambie akuandikie nywila kwenye daftari, aina ya ruta na toleo la programu aliyoweka, na orodha ya alichoongeza. Mwambie akupe nakala ya mipangilio kwenye flashi. Ukurasa wa OpenWrt unayo sehemu ya kuitoa. Kisha ingia wewe mwenyewe mbele yake. Ukishindwa kuingia, kazi haijakwisha, usimlipe iliyobaki.